Kikosi cha Tatu

Buzuruga, Mwanza
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu mpendwa Nestory,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta wewe, wifi na watoto mkiwa wazima, na kwamba baridi ya huko Njombe imeanza kuwahurumia. Huku tunamshukuru Mungu. Mama goti linamsumbua kila mvua inapokaribia, lakini anatembea, anapika, na jana alimkimbiza mbuzi wa jirani mpaka barabarani, kwa hiyo kwa upande wa afya usiwe na wasiwasi naye. Mimi ni mzima, kazi yangu bado ipo, nipo kwa Jitesh palepale kwenye ofisi yake ya kutoa mizigo bandarini.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo, na tena tulizungumza wiki iliyopita nikakuambia kwetu ni shwari. Haikuwa shwari, kaka. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu, nikashindwa kusema. Halafu kuna mambo ambayo mtu akiyasikia kwenye simu anakata katikati, anabaki na nusu, na nusu hiyo ndiyo inayomuumiza. Nataka uyapate yote kwa mpangilio, kama yalivyonipata mimi. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujampigia mama.

Ilianza baada ya Pasaka. Nilirudi kutoka kazini nikakuta chumba cha uani kimefunguliwa, kile alichokuwa anawekea baba mbao na randa zake. Unajua mama alivyokuwa na chumba kile. Watu wangapi waliomba kupanga tangu baba afariki, akakataa wote. Siku hiyo nilikuta kimefagiliwa, kitanda kimo, na kwenye kiti cha baba amekaa mzee mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka kola inakata, macho yana ukungu mweupe. Mama akaniambia huyu ni Mzee Obedi, mpangaji wetu, ametoka Irembwe, amekuja kutibiwa macho. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akageuza uso kuifuata sauti yangu, akauliza kama mimi ndiye Kija. Nikajiuliza jina langu amelijuaje kabla sijatambulishwa.

Irembwe unaijua, ile jamhuri ya visiwani yenye visiwa vingi kuliko barabara. Dagaa wao tunakula, redio yao tunaisikia upepo ukikaa vizuri. Lakini mtu wa Irembwe kuishi chumbani kwa baba, hilo lilikuwa geni. Nilimuuliza mama wamejuana wapi. Akasema kliniki ya macho, siku ile alipokwenda kupimwa miwani. Nikasema, mama, mtu wa kwenye foleni ya kliniki unamleta nyumbani? Akanijibu kwamba nyumba ni yake.

Usiku wa kwanza tulipokuwa tunakula nilimuuliza mzee alikuwa anafanya kazi gani huko kwao. Akafuta mikono, akakaa wima, akasema alikuwa kamanda katika Jeshi la Wanamaji la Irembwe. Nilimwangalia mama ili tucheke pamoja. Mama hakucheka.

Basi tangu siku hiyo kila jioni ikawa ni jeshi la wanamaji. Sikatai, alikuwa anasimulia vizuri. Alisema mkoloni alipoondoka Irembwe aliacha vyombo vitatu tu: tishari la kubebea pamba, meli ya moshi ya misheni yenye kengele, na mashua ya injini ya daktari wa visiwani. Kutokana na vyombo hivyo ndipo jeshi zima lilipotoka. Tishari lilikuwa pana, linaweza kubeba bunduki kubwa, basi likawa Kikosi cha Doria. Meli ya misheni ilikuwa haimalizi wiki bila kuharibika, na wale waliokuwa wanashinda tumboni mwake wakiitengeneza wakawa Kikosi cha Karakana. Ile mashua ya daktari, kwa kuwa ilikuwa na machela na mablanketi, ikawa Kikosi cha Uokozi. Mkuu wa kwanza wa jeshi alikuwa nahodha wa pantoni ambaye hakujua kuogelea, na aliwaficha mabaharia wake jambo hilo mpaka alipostaafu. Doria walivaa kitambaa cha bluu mkononi, wakawa wanakula kwanza kwa sababu ndio wenye silaha. Karakana walivaa cheusi, nao walishika funguo zote, kwa hiyo hata Doria waliwaogopa. Uokozi walivaa rangi ya chungwa. Hawakuwa na bunduki hata moja, na wenzao waliwaita wakunga. Yeye Obedi, alisema, ndiye aliyekuwa mkuu wa wakunga.

Mimi kaka, tangu utotoni unanijua. Mtu akinisimulia jambo lenye maelezo mengi mno, natafuta anachofunika. Nilianza kumchunguza. Asubuhi alikuwa anatoka na fimbo yake, anatembea polepole mpaka kule kwenye mawe yanayotazama ziwa, anakaa. Nilimfuata siku moja. Hakukutana na mtu. Alikaa tu ameelekeza sikio majini, kila boti ikipita anatikisa kichwa kidogo. Nikasema huyu anahesabu boti. Kwa ajili ya nani?

Nikaenda kumuuliza Jitesh. Unakumbuka baba yake, marehemu Shantilal, aliuza vitu Irembwe tangu zamani, na mpaka leo vipuri vya boti zao za kijeshi vinapita mikononi mwetu. Jitesh akacheka. Akasema yeye amewashughulikia wanamaji wa Irembwe tangu alipomaliza shule, na jeshi lao lina vikosi viwili: Doria na Karakana. Hakuna cha tatu, na hakijawahi kuwapo. Aliongeza kwamba mwongo mzuri huchukua ukweli mwingi akautia uongo mmoja, na akaniuliza kama hati ya nyumba yetu iko mahali salama.

Neno hilo halikuniacha nilale. Siku kadhaa nilizungukazunguka sanduku la chuma la mama, na siku alipokwenda kanisani nikalifungua. Hati haikuwamo.

Sikumuuliza. Nilianza kukaa macho. Nikagundua kwamba nikiingia jikoni wananyamaza. Nikagundua pia kwamba mama anaongea naye Kikerewe, naye anajibu kwa lugha ya kwao, wanaelewana kama watu wa mlango mmoja. Jioni moja nilikuwa nyuma ya ukuta naanua nguo, nikamsikia mama akisema kwa sauti ya chini, tena kwa Kiswahili kabisa: "Nestory hajui. Kija hajui. Na wasijue." Mzee akamjibu, "Mimi niliapa. Sijawahi kusema, sitasema."

Kaka, nilisimama pale na shuka mkononi. Nikaanza kupiga hesabu ambayo binti hapaswi kumpigia mama yake. Nilifikiria umri wako. Nikafikiria kwamba baba alikuwa mfupi na wewe unainama mlangoni. Nilikwenda kuitazama picha yako ya harusi ukutani, kisha nikachungulia uani nikamwona yule mzee anavyoinama akiingia chumbani kwake. Naandika haya kwa aibu, lakini nimekuahidi kukupa yote. Niliamini kwamba mzee huyu alikuwa na jambo na mama kabla sijazaliwa, na sasa amekuja kudai, kama si mtoto basi nyumba.

Wiki ile ile meli ya doria ya Irembwe ililetwa Mwanza kutengenezwa, na ofisa wao, Kapteni Pius, akaja ofisini kwetu kufuatilia injini. Ni kijana nadhifu, mwenye adabu. Nilipompa chai nikamuuliza, kama mtu anayepiga soga, jeshi lao lina vikosi vingapi. Akasema viwili, tangu kuanzishwa. Akaniambia yeye ndiye anayewafundisha kuruta historia ya jeshi. Tishari la pamba likazaa Doria, meli ya misheni ikazaa Karakana. Nikauliza, na mashua ya daktari? Akasema mashua ya daktari ilioza ufukweni kabla ya jeshi kuanzishwa. Nikamwambia kuna mzee anayedai alikuwa mkuu wa Kikosi cha Uokozi. Akaweka kikombe chini, akasema mtu huyo ni tapeli, nchi yao ina matapeli wengi wanaojivika vyeo ng'ambo, na nikae naye mbali.

Hapo sikuhitaji zaidi. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Nkwabi. Yeye akanishauri tumwite kwanza huyo mgeni, tumuulize kwa heshima mbele ya mama. Nikaona anachelewesha. Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja uhamiaji, nikaeleza kwamba kuna mgeni anajifanya kamanda, anahesabu boti ziwani, na amemshika mama yangu akili.

Walikuja Jumanne asubuhi, maofisa wawili. Walizungumza kwa upole, siwezi kusema vingine. Walimwomba karatasi zake, wakakuta kibali chake cha kuingia nchini kimekwisha muda. Wakamuuliza ana uhusiano gani na nyumba hii. Akasema ni mpangaji. Wakamuuliza kwa nini anajiita kamanda wakati nchi yake haimtambui. Akanyoosha kola ya shati lake. Wakauliza tena amemjuaje mwenye nyumba. Akasema, "Hilo si langu kusema." Basi wakamchukua. Akapapasa ukuta kutafuta fimbo yake, mmoja wao akampa.

Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuwatazama maofisa, alinitazama mimi. Akauliza, "Ni wewe?" Nikasema ndiyo mama, kwa faida yako. Akaendelea kupepeta mpaka mchele ukamwagika nje ya ungo, naye hakuuokota.

Nilikwenda kazini nikiwa najiona nimeokoa nyumba. Nikamsimulia Jitesh kwa sauti, tena kwa maringo. Mama yake, Champaben, alikuwa amekaa nyuma pale anapopenda kukaa mchana, anachambua choroko. Nilipotaja vile vitambaa vya bluu, vyeusi na vya rangi ya chungwa, akainua kichwa. Akasema, "Chungwa nimeshona mimi." Jitesh akamwambia mama umechanganya. Champaben akamkemea kwa Kigujarati, kisha akanigeukia. Akasema miaka ile yeye na Shantilal walishona vitambaa vya wanamaji wa Irembwe, rangi tatu, kila mwaka. Halafu mwaka mmoja ikaja oda ya rangi mbili tu. Baada ya oda akaja mtu mwenye suti, akataka arudishiwe hata vipande vilivyobaki vya rangi ya chungwa, na akawataka waseme kwamba hawajawahi kushona rangi hiyo. Shantilal akakubali, kwa kuwa mfanyabiashara hagombani na serikali ya watu. Champaben akasema vipande hakuvirudisha, kwa sababu alishamshonea Jitesh suruali ya kuchezea.

Jitesh hakucheka. Kama kikosi kilikuwapo, basi yule aliyesema uongo si mzee. Na kama mzee hakusema uongo kwa hilo, mimi nimempeleka nani rumande?

Nikarudi nyumbani mchana kweupe. Nilimkuta mama amevaa gauni lake la kitenge la kanisani, amejifunga kilemba, amekaa kitandani na mkoba mapajani. Aliniambia nifunge mlango, nikae. Sasa kaka, hapa ndipo ninapokuomba utulie.

Mama alisema hivi. Baba tunayemkumbuka sisi, mzee wa kanisa, aliyekutengenezea meza ya kusomea, siye aliyemwoa. Aliyemwoa, mtu yule yule kabla hajaokoka, alikuwa mlevi na alikuwa anampiga. Kile kidole chake kilichopinda, alichotuambia kilibanwa na mlango, baba alikivunja kwa mpini wa nyundo. Wewe ulikuwa mchanga, hujaanza hata kutambaa. Mama alikufunga mgongoni akaondoka bila kuaga. Alikuwa na mama yake mdogo aliyeolewa Irembwe. Akapata boti ya watu wa magendo, walikuwa wanavusha sukari bila kibali, wakakubali kumchukua pamoja na watu wengine. Waliondoka alfajiri kwenye mvua, boti imejaa kupita kiasi.

Karibu na mpaka mawimbi yakaipindua. Mama alikuwa ameshakuhamishia kifuani, akakamata dumu tupu lililokuwa linaelea, akalishikilia. Anasema aliona meli ya doria ya Irembwe inakuja, akamshukuru Mungu. Meli ikafika kwenye boya la mpaka ikasimama. Wanajeshi walikuwa wanawatazama. Waliita kwa kipaza sauti kwamba wasogee upande wao, kwani wao hawana ruhusa ya kuvuka. Wasogee vipi, kaka, wengi hawakujua kuogelea. Siku zile nchi zilikuwa kwenye mazungumzo ya mpaka, na mkuu wa jeshi lao alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba hakuna chombo chake kitakachovuka, kwa sababu yoyote ile.

Halafu ikatokea mashua ndogo nyuma ya ile meli, watu wake wana vitambaa vya rangi ya chungwa. Ikaipita meli, ikapita boya, ikaingia upande wetu. Mvua ilikuwa nene, hawaoni mbele. Mkuu wao akaamuru injini izimwe ili wasikilize. Watu wazima walikuwa wamechoka kupiga kelele. Wewe ulikuwa unalia. Waliifuata sauti yako. Wakamtoa mama, na kwa kuwa mama ndiye waliyemfikia kwanza, ndipo wakawaona wengine waliokuwa karibu naye, wakawatoa pia. Si wote. Kufikia hapo ulikuwa umekwisha kunyamaza. Yule mkuu wa mashua akakushika miguu juu, akakukamua maji kifuani, akakupulizia pumzi yake mdomoni mpaka ukakohoa. Ndiye Obedi.

Akamuuliza mama amshushe wapi, Irembwe au Tanzania. Nilimuuliza mama kwa nini hakusema Irembwe, wakati huko ndiko alikokuwa anakwenda. Akaniambia, "Sikurudi kwa baba yenu kwa sababu nilimsamehe. Nilirudi kwa sababu niliogopa kuvuka maji tena." Wakamshusha kwenye mawe upande wetu. Obedi alimtajia mama jina lake, naye mama akamtajia la kwake na lako, kwa maana alidhani hutaiona kesho, alitaka pawepo mtu mwingine anayelijua jina lako. Kisha akamwapisha asimwambie mtu yeyote duniani kwamba alikuwa ndani ya boti ile, kwani mume wake akijua alikuwa anakimbia atamuua. Aliporudi nyumbani alisema alikwenda kumuuguza dada yake Ukerewe. Baba aliamini. Miaka ikapita, baba akaokoka, pombe akaacha, mimi nikazaliwa. Ndiyo kusema kama mama angesema Irembwe, mimi nisingekuwapo kukuandikia barua hii. Nalifikiria hilo kila nikilala.

Na huko Irembwe ikawaje? Malalamiko yalifika kwamba chombo cha kijeshi kimevuka mpaka. Wakamweka Obedi mbele ya wakubwa zake. Wale wa magendo walishatawanyika, hakuna aliyetaka kujulikana. Wakamwambia, taja mtu mmoja uliyemwokoa, aje atoe ushahidi kwamba kulikuwa na roho za watu majini, tutakutetea. Alikuwa na jina la shahidi mmoja tu, na alikuwa ameliapia. Hakulitaja. Basi wakubwa wakaijibu dunia kwamba hakuna uokozi uliofanyika, na kwamba mashua ile si yao, kwani jeshi lao halina kikosi cha namna hiyo. Ili neno lao liwe kweli, wakakivunja kikosi. Wakapaka mashua rangi nyingine. Wakakusanya vitambaa. Wakaandika historia upya, wakaanza kuwafundisha vijana, na vijana hao, kama Pius, wakaiamini, maana ndiyo waliyopewa. Obedi akafukuzwa bila cheo. Amefanya kazi ya kutengeneza mashine za boti za wavuvi maisha yake yote.

Mama hakuyajua hayo mpaka walipokutana mwaka huu. Alikaa kwenye foleni ya kliniki, muuguzi akaita jina Obedi, akaona mzee mrefu anasimama. Akamsogelea akamuuliza taratibu, "Wewe ni Obedi wa Uokozi?" Anasema mzee alianza kutetemeka mpaka ikabidi akalishwe, kwa sababu tangu wamfukuze hakuna mtu aliyewahi kulitamka neno hilo mbele yake.

Nilimuuliza mama kuhusu urefu wako, kaka, ndiyo, niliuliza hata hilo. Akanishangaa, kisha akasema nenda Ukerewe ukawaone wajomba zako. Na hati ya nyumba ameipeleka kwa mchungaji ikahifadhiwe. Nilipouliza kwa nini, alisema aliniona ninavyozungukazunguka sanduku, akadhani mimi ndiye ninayetaka kuiuza.

Tukaenda uhamiaji pamoja. Walikuwa wamemwita Kapteni Pius aje amtambue mzee kwa niaba ya nchi yake. Mbele ya ofisa, Pius akarudia maneno yake kwamba kikosi hicho hakijawahi kuwapo. Mama akamuuliza, "Mwanangu, umezaliwa mwaka gani?" Akataja. Mama akasema, "Basi mimi nilikuwa ndani ya maji kabla mama yako hajakuchukua mimba." Akasimulia yote, kaka, mbele ya watu asiowajua, kipigo, kukimbia, kila kitu alichokificha tangu ujana wake, na mlango ulikuwa wazi, na kwenye benchi nje alikuwapo jirani yetu mmoja anayefuatilia pasi. Mzee Obedi alikuwa anasema, "Mama Nestory, inatosha, acha," naye haachi. Alipofika kwenye mablanketi ya ile mashua, akasema yalikuwa na mstari mwekundu na yananuka dawa ya hospitali, Pius aliinamisha kichwa, kama mtu anayeyajua mablanketi hayo. Hakukiri kitu. Alimwambia tu yule ofisa kwamba Irembwe haina dai lolote juu ya mzee huyu. Lakini tulipokuwa tunatoka, nilimsikia Pius kwa masikio yangu akimwambia mzee, "Afande, nishike mkono, hapa pana ngazi."

Mzee amepewa kibali kipya cha matibabu, amerudi chumbani uani. Nilimpigia magoti kumwomba radhi. Akasema kwenye Kikosi cha Doria anayeripoti mgeni hupandishwa cheo, kwa hiyo niwe na subira, changu kinakuja. Alisema kwa utani, lakini mimi nililia. Mama ananisemesha kwa mambo ya lazima tu. Mtaani habari zimeenea. Wapo wanaomwangalia mama kwa jicho lingine, na wapo waliokuja kunong'ona kwamba hata hadithi ya boti huenda ni ya kutunga, ya kufunika jambo jingine. Nimewafukuza. Nawajua, kwa sababu juzi tu nilikuwa mmoja wao.

Sikuombi umchukie baba. Mimi mwenyewe sijui nimweke wapi. Kila nikipita kwenye picha yake napunguza mwendo, halafu naendelea. Najua wewe ulimpenda kuliko mimi, ndiyo maana mkono umekuwa mzito kuandika.

Upasuaji wa macho ni mwishoni mwa mwezi ujao, madaktari wana matumaini na jicho moja. Baada ya hapo kibali kitakwisha, atarudi kwao. Mama anataka uje kabla hajaondoka, ila hawezi kukuomba, anaogopa utakuja na swali kuhusu baba. Mimi nakuomba kwa niaba yake.

Mama aliniambia kwamba siku ile kliniki, alipoacha kutetemeka, swali la kwanza la mzee lilikuwa kama Nestory kifua chake kilipona. Mama akamjibu kilipona. Juzi akaniuliza na mimi swali hilo hilo, kama mtu asiyetaka kutegemea shahidi mmoja. Nilimwambia kaka yangu ni bwana misitu, anapanda vilima vya Njombe toka asubuhi, na akipanda huwa anapiga mluzi. Akaelekeza sikio kwangu kama anavyolielekeza majini. Kisha akasema angependa kuusikia. Sikumwahidi, kaka. Nimemwambia nitakuandikia.

Basi nakomea hapo, mkono umechoka na karatasi imeniishia. Nisalimie wifi, mwambie vile vitunguu alivyotutumia vilifika salama. Watoto wabusu mashavuni, na mkubwa mwambie shangazi yake hajasahau ile ahadi ya viatu. Mama hajui kama nimeandika, lakini angejua angekusalimu. Mungu awalinde mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kija Machibya